Neno Lisomwe Hata Mwisho Wake



Katika kitabu hiki cha yubile wenzetu wameandika habari za makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, visima vilivyochimbwa, na wazee waliotutangulia. Hayo yote yaonekana kwa macho. Sisi wa upande wa Ipililo, katika wilaya ya Maswa, tumeombwa kuandika habari ya kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni lugha. Maana kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, palikuwa na neno lililosemwa na mtu mmoja na kusikiwa na mwingine. Tena katika lugha tumechagua jambo dogo sana, nalo ni mwisho wa neno: ile silabi moja au mbili zinazokuja nyuma, ambazo mtu mwenye haraka huzimeza.

Huenda msomaji atasema, "Jambo dogo namna hii lina faida gani katika yubile?" Twamwomba avumilie. Tutamwonyesha ya kuwa mwisho wa neno hueleza ni nani aliyetenda na ni nani aliyetendwa, na kama jambo limekwisha au lingali likiendelea. Na kabla ya kufunga habari hii tutaungama kosa letu wenyewe, jinsi tulivyopuuza mwisho wa neno moja, na binti wa watu akakaribia kupata hasara ya maisha yake yote.

Lugha waliyokuja nayo mapadre

Tuanze na Kilatini, maana ndiyo lugha ya kigeni iliyosikika kwanza katika makanisa yetu. Wazee walioitika Misa zamani zile walilisikia jina la Mungu kwa sura nyingi: mara Deus, mara Dei, mara Deo, mara Deum. Mzee mmoja alituambia ya kuwa alipokuwa mtoto alidhani hayo ni majina manne mbalimbali, kama vile Wasukuma walivyomwita Mungu kwa majina mengi, wakisema Mulungu, au Seba, au Liwelelo. Tulicheka pamoja naye, lakini dhana yake haikuwa ya kijinga. Hakuna aliyemwambia ya kuwa jina ni lile lile moja, ila mwisho wake wabadilika.

Sisi tulipofundishwa Kilatini kidogo katika shule ya misheni, ndipo tulipofahamu. Deus ni Mungu atendaye. Dei ni "wa Mungu." Deo ni "kwa Mungu." Deum ni Mungu anayetendewa jambo, kama vile kupendwa au kuabudiwa. Basi Mlatini alikuwa na uhuru ambao sisi hatuna. Aliweza kusema filius patrem amat, au patrem filius amat, na maana ikabaki moja, yaani mwana ampenda baba. Mwisho -em katika neno patrem waonyesha kwamba baba ndiye apendwaye, hata akitajwa mbele. Lakini katika Kiswahili ukigeuza ukasema "baba ampenda mwana," umekwisha kugeuza habari yote. Kilatini chategemea mwisho wa jina; Kiswahili chategemea mahali jina lilipokaa.

Kadhalika katika vitenzi. Sisi husema napenda, wapenda, apenda, na mtu anayetenda twamtaja mbele. Mlatini husema amo, amas, amat, na mtu huyo humtaja nyuma. Ni habari ile ile, ila mmoja huipakia kichwani na mwingine mkiani.

Jinsi wageni walivyozisoma lugha zetu

Mwaka 1844 Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa, na mwaka 1850 kitabu chake kidogo cha sarufi ya Kiswahili kikapigwa chapa Ulaya. Mwaka 1870 Edward Steere wa Unguja alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Baada yake Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyekaa miaka mingi Unguja na Bagamoyo, alitoa sarufi yake kubwa mwaka 1909, na tena akaandika habari za lahaja za pwani moja moja.

Huku kwetu bara, Mapadre Weupe walifika Bukumbi, upande wa kusini wa ziwa, mwaka 1883. Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika lao mwaka 1868, alikuwa amewaagiza wajifunze lugha ya watu wanaokaa nao. Basi wakaketi na wenyeji, wakauliza jina la kila kitu, wakaandika.

Watu hawa wote walikuwa wamelelewa katika sarufi ya Kilatini. Kwa hiyo tangu mwanzo walitafuta miisho ya majina, wakaona ajabu: jina halina miisho ya namna ile. Mtu ni mtu, akiwa mpendaji au akiwa mpendwa. Kinachobadilika ni mbele: mtu na watu, kitu na vitu, mti na miti. Katika Kisukuma nako ni vivyo hivyo: munhu na banhu. Mwaka 1862 mtaalamu Wilhelm Bleek, aliyekuwa Afrika Kusini, aliziita lugha hizi zote kwa jina la Bantu, yaani watu, kwa sababu alisikia neno hilo likifanana kutoka nchi moja hata nchi nyingine.

Lakini msomaji asidhani kwamba mkia wa neno katika lugha zetu umelala bure. Umelala katika majina, bali katika vitenzi wafanya kazi mchana na usiku. Tazama neno moja tu, funga. Mtu hufunga mlango. Mlango hufungwa. Mama humfungia mtoto mzigo. Mtoto hufungiwa mzigo. Watu wawili hufungana. Bwana mwenye mlango humfungisha mtumishi. Mlango uliofungwa hufunguliwa, na mgeni hufunguliwa mlango na aliyemfungulia. Shina ni moja, na mbele hatukugusa kitu. Mlatini kwa habari hizo angehitaji maneno mengi mbalimbali. Sisi twatumia miisho tu.

Miisho hiyo ndiyo iliyozaa hata majina tunayoyatumia kanisani kila siku. Kutoka penda hutoka mpenzi, mpendwa na upendo. Kutoka okoa hutoka mwokozi, yule aokoaye, na mwokolewa, yule aliyeokolewa, na wokovu wenyewe. Mwalimu wa dini asiyetofautisha mwokozi na mwokolewa, je, atafundisha nini?

Nasi tunayo -ni. Kaya ya Msukuma haina -ni. Yeye husema ku kaya, akiweka mahali mbele ya jina. Na kwa habari ya ndani ya nyumba husema mu numba. Mswahili huweka nyuma: nyumbani. Lakini alama ya kale haikupotea katika Kiswahili, maana yaonekana katika neno lifuatalo: nyumbani kwangu, nyumbani pangu, nyumbani mwangu. Hizo ku na mu za Kisukuma ziko pale, ila zimehamia kwa jirani.

Kilichobaki kwetu na kilichopotea pwani

Sasa tuingie katika jambo linalowahusu Wasukuma hasa. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa ya kuwa Kisukuma ni lugha ya nyumbani tu, haina sarufi, na Kiswahili ndicho chenye kanuni. Hili si kweli, na miisho ya maneno yatushuhudia.

Katika Kisukuma jambo likiisha kutendeka, kitenzi hupokea mwisho -ile. Lima huwa limile. Bona, yaani kuona, huwa bonile. Mwisho huu si wetu peke yetu. Mzulu wa Afrika Kusini, aliye mbali nasi safari ya majuma mengi kwa miguu, hutoka katika hamba, yaani kwenda, akasema hambile. Mwaka 1967 Meeussen, mtaalamu wa Ubelgiji, alipokusanya sarufi ya lugha za Kibantu ili kutafuta asili yao moja, aliuweka mwisho huu miongoni mwa mambo ya kale kabisa.

Hata Kiswahili kilikuwa nao. Katika tenzi za kale za Pate na Amu mwisho huu waonekana hata leo. Lakini katika Kiswahili cha Unguja umekwisha kufa, na mahali pake pamekaliwa na -me-, inayokaa mbele: amelima, ameona. Nayo hiyo -me- yatoka wapi? Wataalamu wasema ni mabaki ya kitenzi cha kale chenye maana ya kwisha jambo. Kitenzi hicho kwetu kingali hai: ni kumala. Mswahili mwenyewe akisema kumaliza amekitaja bila kujua. Basi kijana wa Maswa anayeona haya kusema Kisukuma mbele ya watu wa mjini, ajue ya kuwa anacho kinywani kitu ambacho Kiswahili kilikuwa nacho kikakipoteza.

Mfano mwingine ni herufi l. Sisi husema mbula, Mswahili husema mvua. Sisi husema nzala, Mswahili husema njaa. Sisi husema kubyala, Mswahili husema kuzaa. Utaona kwamba Kiswahili kimeiangusha l katikati ya irabu. Lakini tia mwisho -wa katika kuzaa, uone: haiwi "kuzawa," bali huwa kuzaliwa. L imerudi! Kadhalika okoa huwa okolewa, na oa huwa olewa. Mwisho wa neno umeihifadhi ile herufi ya kale, kama majivu yanavyohifadhi kaa la moto mpaka asubuhi.

Tena kuna -aga. Kisukuma hutumia mwisho huu kwa jambo la desturi, linalotendeka mara kwa mara. Wakikuyu wa Kenya wanao vilevile, na Meeussen aliutaja katika asili ya Kibantu. Kiswahili sanifu hakina, chenyewe husema "hulima," au "analima kila mwaka." Lakini sikiliza watu wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu wakisema Kiswahili: "tunalimaga," "anakujaga," "tunasaligi hapa"? La, hilo la mwisho hutalisikia. Utasikia "tunasaligaga," na shuleni tulichapwa kwa ajili yake. Mwalimu alisema ni uchafu wa lugha. Leo neno la namna hiyo husikika hata Dar es Salaam, katika vinywa vya watu wasiojua Kisukuma hata kidogo. Hatusemi liandikwe katika mitihani, maana kila mahali pana adabu yake. Twasema tu ya kuwa aliyelisema hakuwa mjinga. Alikuwa na maana mkononi, akatafuta chombo cha kuitilia, na Kiswahili kilipomnyima chombo, alikichukua cha mama yake.

La mwisho katika fungu hili ni neno la kupenda. Kisukuma husema kutogwa. Mgeni aliyejua Kiswahili akiona -wa mwishoni hudhani maana yake ni kupendwa, kumbe ni kupenda. Na mtu akitaka kumwambia mwenzake neno hilo, hasemi kwa wakati uliopo kama Mswahili asemavyo "nakupenda," bali husema nakutogilwe. Tazama mwisho wake: umo -il- na -e ya jambo lililokwisha kutimia, na katikati yake umo -w- ya kutendwa. Ni kama mtu asemaye, "Jambo hili limekwisha kunipata, nami nimo ndani yake." Kiswahili nacho kina maneno machache ya tabia hii. Kuchelewa asili yake ni kupambazukiwa, yaani kucha kumkuta mtu kabla hajaondoka. Basi mwisho wa kutendwa hauna maana moja tu kila mahali; yampasa mtu kuwasikiliza wenye lugha.

Mataifa mengine

Ili tusijione kuwa watu wa ajabu peke yetu, na tutazame lugha za wengine.

Waturuki huunganisha miisho kama watu wanaopanga foleni, kila mmoja na kazi yake. Nyumba kwao ni ev. Nyumba nyingi ni evler. Nyumba zangu ni evlerim. Katika nyumba zangu ni evlerimde. Mbele hapaguswi kabisa. Kila kitu huongezwa nyuma.

Waarabu katika lugha yao ya vitabu wana irabu tatu za mwisho kwa jina: -u kwa atendaye, -a kwa atendwaye, -i kwa mwenye mali na kwa jina lifuatalo maneno kama "katika." Lakini katika mazungumzo ya kila siku miisho hiyo imeanguka. Kiswahili kilipoazima vitenzi vya Kiarabu, vikaja na miisho yao migeni. Ndiyo sababu twasema "asome" na "hasomi," lakini "ajaribu" na "hajaribu," bila badiliko. Mgeni amekataa kuvua viatu mlangoni. Hata hivyo ameshika kazi za nyumbani kama watoto wengine, maana husema jaribiwa, samehewa, sahauliwa.

Waingereza nao, yapata miaka elfu iliyopita, walikuwa na miisho mingi katika majina yao, karibu na ile ya Kilatini. Karibu yote imeanguka, na siku hizi, kama sisi, wao hutegemea mahali neno linapokaa katika sentensi.

Na hatuna haja ya kwenda mbali. Majirani zetu Wataturu wa Meatu, wanaochunga ng'ombe kama sisi, lugha yao si ya Kibantu. Sisi tukitaka kutofautisha mmoja na wengi twabadili mwanzo wa jina. Wao huonyesha tofauti hiyo mwishoni. Watu wanywesha mifugo katika lambo moja, na maneno yao yana vichwa na mikia iliyogeuzana.

Kosa letu

Sasa twafika mahali pa kuungama, kama tulivyoahidi.

Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Baba amtoaye binti yake huoza, na binti aliyetolewa na baba huozwa. Sarufi yake ni nyepesi: oa hufanya oza, kama vile lala hufanya laza, na jaa hufanya jaza. Kisha -wa huongezwa. Katika Kisukuma mwanamume hutola, mwanamke hutolwa. Haya twayajua tangu utoto.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa bado wachanga katika kazi, tuliandikisha habari za wachumba katika kigango kimoja. Binti aliketi mbele yetu, na baba yake alikuwa nje chini ya mti. Tukauliza kama karatasi ilivyotuelekeza, "Je, mayu, waolewa kwa hiari yako?" Akainama, akasema, "Mwalimu, mimi naozwa." Tukaandika: anaolewa, ndiyo. Tulikuwa na watu wengine tisa wakingoja, na jua lilikuwa limekwisha kupinda.

Matangazo ya ndoa yakasomwa Dominika ya kwanza, yakasomwa na ya pili. Katika juma lile katekista mmoja mzee, aliyekuwa amekwisha pumzishwa kazi, alikuja kututembelea, akazipitia karatasi zetu, kwa maana alipenda kuona kama tunaandika vizuri. Akauliza, "Binti huyu alijibu kwa neno gani hasa?" Tukasema, "Alisema naozwa." Akauliza, "Nawe umeandika nini?" Tukasema, "Anaolewa." Akaivua miwani yake, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Ng'wanawane, hayo si neno moja. La kwanza lina baba ndani yake. La pili halina. Nenda ukamwulize tena, na baba yake asiwe karibu."

Tukaenda siku ile ile. Binti alikuwa kwa shangazi yake akitwanga. Tulipomwuliza, hakujibu kwa Kiswahili tena, alijibu kwa Kisukuma, na safari hii alisema mengi. Baba yake alikuwa na deni tangu miaka ya ukame, na ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kupokelewa na baadhi yao kuuzwa. Mchumba yule hakumtaka. Alikuwa ametuambia hivyo kwa neno moja, mbele ya karatasi, kwa namna ambayo binti mwenye adabu aweza kusema bila kumvunjia baba yake heshima. Nasi tuliufuta mwisho wa neno lake kwa kalamu yetu.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1057 ya mwaka 1983, yasema kwamba ndoa hufanywa kwa makubaliano ya hao wawili, na hakuna mamlaka ya mtu iwezayo kuyashika mahali pake. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 nayo yataka hiari ya wote wawili. Tulizijua zote mbili. Lakini sheria husaidia nini, ikiwa mwandishi hakusikia jibu?

Tangazo la tatu halikusomwa. Yalikuwako maneno mengi, vikao vilikaa, na ng'ombe wakarudishwa, wengine baada ya mavuno mawili. Baba yule alitununia kwa muda mrefu, wala hatumlaumu, kwa maana aibu aliyoipata mbele ya watu ilitokana na sisi kuandika haraka. Kama tungalisikia vema siku ya kwanza, jambo lingalimalizwa kimya kimya chini ya mti ule. Binti aliolewa baadaye na mtu mwingine, na siku tulipoandika karatasi yake ya pili, yeye mwenyewe alisema, kabla hatujauliza, "Mwalimu, safari hii naolewa." Akalitamka neno lile polepole, hata mwisho wake, akatutazama usoni.

Siku hizi

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitoa hati yake juu ya liturujia, na mlango ukafunguliwa kwa lugha za watu. Tangu hapo Deus na Deum yamewaachia nafasi maneno yetu wenyewe. Mwaka 1956 jimbo lililoitwa la Maswa lilikuwa limekwisha kupewa jina la Shinyanga, na mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walikuwa wakifanya kazi katika nchi hizi. Wengi wao walijifunza lugha huko Makoko, Musoma, kabla ya kutumwa vijijini. Wengine walipenda Kisukuma mpaka wakakusanya methali na vitendawili vyake. Nao wana wa nchi hawakukaa kitako: Profesa Herman Batibo, Msukuma, aliandika sarufi ya Kisukuma, nayo ikachapishwa Paris mwaka 1985. Lugha tuliyoambiwa haina kanuni, kanuni zake zimeandikwa katika kitabu kizima.

Lakini hatari ya leo ni nyingine. Zamani mgeni hakuijua miisho yetu, akajifunza. Leo mtoto wetu aizaliwa ndani yake, akaiacha. Wapo watoto hapa wanaoelewa Kisukuma cha bibi yao, lakini wao wenyewe hukijibu kwa Kiswahili. Wanajua mashina: lima, bona, lya. Miisho hawanayo. Husikia limile na limaga kama neno moja, wala hawajui kama bibi amesema kuwa amelima au kuwa hulima. Lugha haifi siku moja kama mti upigwao na radi. Huanza kukauka ncha za matawi.

Na wasomaji wetu kanisani, nao wasikie neno hili. Twasikia Dominika hata Dominika msomaji akisoma "atasamehe" palipoandikwa "atasamehewa," au "walituma" palipoandikwa "walitumwa." Watu hawanung'uniki, kwa sababu wamezoea. Lakini aliyetumwa amefanywa mtumaji, na mwenye dhambi aliyekuja akitafuta kusamehewa arudi nyumbani akidhani ameamriwa tu kusamehe. Yote mawili ni mema, lakini siyo aliyoandikiwa siku ile.

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, katika yubile hii twaomba mambo matatu, wala hayana gharama. Wazazi wawasemeshe watoto Kisukuma kamili, chenye kichwa na mkia. Walimu wasimchape mtoto kwa ajili ya -aga, bali wamwonyeshe kwamba Kisukuma kina mlango wake na Kiswahili kina mlango wake, naye apewe funguo za milango yote miwili. Nasi makatekista, tukiketi na kalamu mbele ya mtu, tuandike neno alilolisema yeye, si neno lililo karibu nalo.

Yule mzee aliyeivua miwani yake amekwisha kutangulia. Kila tuandikapo karatasi ya ndoa hapa Ipililo, tukifika mahali pa jibu twaweka kalamu chini kwanza, na kumwomba mtu aseme tena. Hucheka wengine, wakidhani tumeanza kuwa viziwi. Nasi twawaacha wacheke, kisha twasikiliza mpaka silabi ya mwisho.